Semestri Inahesabiwa Siku ya Kurudi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, wazazi na wanafunzi wanaojitayarisha kwenda kusoma inchi nyingine. Lubumbashi.

    

Tumeombwa tuseme juu ya kitu kimoja: namna mwanafunzi wa hapa Lubumbashi anavyoweza kujitayarisha kwenda kusoma semestri moja ng'ambo, na namna ya kukaa huko akifika.

Kazi yetu ni ya kutembea. Tunapita Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, tunakaa na familia kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, tunafungua bahasha ya karatasi pamoja nao. Karibu kila fasi tunaulizwa jambo moja: "Viza itatoka?" Watu wanasali juu ya viza, wanafunga juu ya viza, na siku inapotoka jirani wote wanajua kwa sababu ya vigelegele. Hiyo ni furaha ya haki. Lakini shiye tuliorudi tunajua kuna ulizo lingine linalokuja nyuma, na hilo hakuna anayelipigia vigelegele: "Ile semestri uliyosoma kule, hapa watakuhesabia?"

Ndiyo maana neno letu la leo ni hili: semestri ya ng'ambo haihesabiwi siku ya kupanda ndege Luano, wala siku ya kuvuka mpaka Kasumbalesa. Inahesabiwa siku ya kurudi. Anayetaka kuondoka vizuri, aanze kutengeneza kurudi kwake kabla hajafunga valizi.

Semestri ni kitu gani

Wazazi wengi hapa walisoma zamani ile ya gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Watoto wenu wanasoma namna nyingine. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya kwetu vimeingia katika mpango wa LMD, na lisansi ya sasa ni ile ya miaka 3 ya kwanza. Mwaka mmoja una krediti 60, semestri moja krediti 30. Hesabu hiyo ndiyo inayotumika Ulaya pia. Kwa hiyo krediti 30 alizozipata mtoto kule zinaweza kukaa fasi ya krediti 30 za hapa.

Sikilizeni vizuri: tumesema zinaweza. Hatukusema zitakaa. Kati ya maneno hayo mawili ndipo mwaka mzima wa mtoto unapoweza kupotea.

Tuko na binti mmoja katika chama, ametukubalia tuseme habari yake bila jina. Alikwenda, akasoma kwa bidii, akarudi na pointi nzuri. Alipozipeleka kwenye fakilte yake aliambiwa kwamba masomo 3 kati ya aliyoyasoma hayako kwenye programu ya hapa, na somo moja kubwa la hapa yeye hakulisoma kule. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba hakuna aliyeandika kitu. Profesa aliyemwambia "enda, tutaona mbele" alikuwa amekwisha kupelekwa kazi nyingine. Binti alirudia mwaka pamoja na wadogo zake, na baba yake alikuwa ameuza kiwanja juu ya ile safari. Mpaka leo kile kiwanja wanakipita wakienda soko, na mwenye kukinunua amekwisha kujenga.

Karatasi ya saini tatu

Dawa ya ugonjwa huo ni karatasi moja, kontra ya masomo. Katika mpango wa Erasmus+, ambao tangu 2015 unaruhusu wanafunzi wa inchi kama yetu kwenda kusoma kwa muda Ulaya kama vyuo viwili vimepatana, karatasi hiyo ni ya lazima. Ina saini tatu: ya mwanafunzi, ya chuo anachotoka, ya chuo anachokwenda. Lakini hata kama unakwenda kwa njia nyingine, kwa makuta ya familia, Kitwe ao Lusaka, itengeneze vilevile. Hakuna sheria inayokukataza kuomba saini.

Ndani yake kunaandikwa nini? Upande mmoja, masomo utakayosoma kule, kila moja na jina lake kamili na krediti zake. Upande wa pili, masomo ya hapa ambayo utahesabiwa kuwa umeyamaliza. Chuo cha kule kikiwa na hesabu nyingine, omba waandike saa za kila somo na mambo yanayofundishwa ndani yake, ili fakilte yako ipate kulinganisha. Kama somo kubwa la hapa halina ndugu yake kule, ujue kabla ya kuondoka, na upatane kwa maandishi utalifanya lini.

Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi. Unafika kule, unakuta somo lililoandikwa kwenye kontra halitolewi mwaka huu, ao saa zake zinagongana na lingine. Usinyamaze. Badilisha, lakini andika upya na uzungushe karatasi kwa saini zote tatu tena, katika yale majuma ya kwanza. Tuma kopi kwa sekretarieti ya fakilte, weka moja kwenye simu, na nyingine mwachie mama nyumbani. Simu inaibiwa, mama haibiwi.

Uliza pia juu ya kalenda. Katika vyuo vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa, mwaka unaanza katikati ya Septemba, na kipindi cha pili kinaanza mwanzoni mwa Februari. Kalenda ya kwetu inasogea. Anayeondoka Januari anaweza kuacha mitihani ya hapa haijafanywa. Na ukianguka somo moja kule, mitihani ya kurudia inakuja Agosti na Septemba, wakati wewe uko hapa na viza imekwisha. Uliza mbele: "Nikianguka, nitafanya wapi?" Ni ulizo la mtu mwenye akili, haliharibu baraka.

Karatasi zinazochelewa

Pasporti yako iwe na muda wa kutosha hata baada ya tarehe ya kurudi; balozi nyingi zinataka miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano ifanywe mapema, kwa sababu kadi yake inaanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano. Ukiisha kuchanjwa imekwisha: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, usikubali mtu mpakani akuambie imepitwa na wakati.

Anayekwenda Zambia akumbuke kwamba diploma ya Serikali na pointi zake zimeandikwa kwa Kifaransa. Chuo cha kule kinazitaka kwa Kiingereza, na tafsiri iwe ya mtu aliyeapishwa, ikiwa na muhuri. Rafiki anayejua Kiingereza hatoshi. Uliza chuo kile kibali gani cha uhamiaji kinafaa kwa muda wako, na uombe jibu kwa maandishi. Kuvuka na karatasi ya matembezi, kisha kukaa darasani, ni kujitafutia fujo.

Anayekwenda Ubelgiji kwa zaidi ya miezi 3 anahitaji viza ya muda mrefu. Wanataka barua ya chuo, uhakika wa makuta ya kuishi, cheti cha daktari na cheti kinachoonyesha huna hatia mahakamani. Vingine vinapitwa na wakati upesi, kwa hiyo usivitafute vyote siku moja. Panga kipi kitangulie. Uliza pia kama dosie inapokelewa hapa Lubumbashi ao lazima ufike Kinshasa, kwa sababu tiketi ya Kinshasa peke yake inaweza kumaliza makuta ya mwezi. Na ukipiga simu huko saa mbili asubuhi usikasirike hakuna anayejibu: kwao ni saa moja, ofisi bado imefungwa.

Makuta, tuseme wazi

Katika mpango kama ule wa Erasmus+, chuo cha kule hakimlipishi mwanafunzi ada ya masomo. Ada inaendelea kulipwa hapa. Familia nyingi hazijui hilo, wanatafuta ada mara mbili. Lakini bursi yenyewe mara nyingi inaingia baada ya kufika, ukiisha kufungua konti ya benki. Mwenye nyumba hasubiri konti. Anataka kodi ya mwezi wa kwanza na garanti. Mwezi ule wa kwanza ndio unaovunja watoto wetu, na ndio unaowafanya waombe deni kwa watu wasiowajua.

Hapa ndipo makuta ya wafadhili na michango ya wanachama inafanya kazi. Sanduku la chama halilipi semestri nzima, haliwezi. Linakopesha kile kidogo kinachokwamisha kikubwa: tafsiri, safari ya dosie, kodi ya mwezi wa kwanza. Tunasema linakopesha, kwa sababu anayerudi analirudisha pole pole, na mwingine anaondoka nalo. Bamama wa likelemba wanaelewa jambo hili kuliko sisi tuliosoma: zamu ya huyu leo, ya yule kesho, na anayekula zamu yake bila kurudisha amemnyima mtu anayejulikana kwa jina.

Kuna makuta mengine ambayo hayaandikwi kwenye dosie: yale ambayo familia inangojea kutoka kwa mtoto. Akifika tu, simu zinaanza. "Ule yuko Bulaya, hawezi kukosa." Wazazi, tunawaomba tufanye hesabu pamoja. Katika vyuo vile vya Ubelgiji krediti moja inahesabiwa kuwa kama saa 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani. Krediti 30 ni saa 900. Zigawanye kwa majuma 20, ni saa 45 kila juma. Sheria ya kule inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi ya mshahara saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akizichukua zote, ni saa 65. Alale saa ngapi? Apike saa ngapi? Na mitihani ikifika, mtamwuliza nini kwanza, makuta ao pointi?

Kwa hiyo, kabla ya safari, familia ikae. Baba, mama, wajomba, na yule mkubwa anayelipa. Mseme wazi: katika hii miezi mtoto hatatuma kitu, na hatutamlaumu. Mwandike hata kwenye daftari la masomo. Tumeona familia zilizofanya hivyo. Mtoto anapokea simu bila woga, na anasema ukweli kama ana shida.

Ukifika Zambia

Watu wanafikiri Zambia ni nyumbani, kwa sababu malori yanapita kila siku. Barabara ni moja: Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Chuo Kikuu cha Copperbelt, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiko pale Kitwe. Chuo Kikuu cha Zambia kiko Lusaka tangu 1966. Bukari inaitwa nshima, na anayejua Kibemba atasalimiana sokoni kama yuko kwao. Saa ni ileile ya kwetu.

Lakini usidanganywe na ule ukaribu. Magari yanapita upande wa kushoto, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kuume kwanza. Siku za kwanza mwili unasahau. Plagi za umeme ni zile za miguu mitatu ya bapa, chaja yako ya hapa haitaingia. Na masomo ni kwa Kiingereza tangu saa ya kwanza. Kile Kiingereza cha muziki na filimu hakitoshi kuandika kazi ya kurasa 10. Anza hapa, miezi mbele: soma kitabu kimoja cha fani yako kwa Kiingereza, andika maneno yake pembeni, jifunze kueleza kazi yako kwa mdomo.

Mpaka nao una tabia zake. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku chache juu ya ugomvi wa biashara, na wote waliopanga kuvuka siku ya mwisho walikwama. Uvuke siku kadhaa kabla ya masomo kuanza. Usingojee Jumapili ya jioni.

Ukifika Ubelgiji

Kazi ya kwanza ni komine. Una siku 8 za kazi tangu kufika ili ujiandikishe. Kisha polisi wa mtaa atakuja kuhakikisha kwamba unakaa kweli pale ulipoandika. Usikimbie, usizime taa. Hakuja kukufunga, amekuja kutazama. Andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele, maana asipoliona ataandika kwamba hukai pale, na karatasi zako zitasimama.

Ukipokelewa na ndugu, kumbuka wazee walivyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Osha vyombo, uliza saa za nyumba, toa mchango mdogo wa chakula hata kama wanakataa. Nyumba nyingi za kule ni ndogo na watu wanaamka saa kumi ya usiku kwenda kazi.

Baridi utazoea kwa nguo. Giza ndilo gumu, kwa sababu Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Juma la kwanza kila kitu ni kipya, unapiga picha. Kati ya juma la tatu na la sita ndipo wengi wanaanguka moyo: hawaendi darasani, wanalala mchana, wanasema nyumbani "niko muzuri tu." Tunawaambia wadogo wetu wapange mapema mambo mawili ya kila juma yasiyo ya darasa: kwaya, mpira, kusali, kupika na wenzao. Bruxelles kuna mtaa wa Matonge, komine ya Ixelles. Sombe iko, ingawa wanaiita pondu. Enda, kula, cheka. Lakini usikae Matonge siku zote, maana wenzako wa darasani ndio watakaokueleza profesa anataka nini.

Na nyumbani pangeni siku moja ya kupiga simu. Wakati wa baridi Bruxelles iko nyuma yetu kwa saa moja. Kuanzia mwisho wa Machi saa zinakuwa sawa. Simu ya Jumapili moja yenye nafasi ni bora kuliko simu kumi za kuulizana "unasemaje?" na kukata.

Darasani

Hapa tumezoea kununua silabusi ya profesa na kuishika kwa kichwa. Fasi nyingi za kule watakupa orodha ya vitabu, watakuambia soma, kisha useme unafikiri nini. Kuinua mkono si utovu wa heshima. Kumwambia profesa "hili sikuelewa" si aibu. Aibu, tena yenye adhabu, ni kuchukua maneno ya kitabu ao ya intaneti na kuyaweka kama yako bila kutaja mwenyewe. Kuna wanaofutiwa somo zima juu ya kurasa mbili. Uliza siku ya kwanza wanataka utaje vitabu kwa namna gani, na ufuate hivyo.

Kurudi

Mwezi wa mwisho una kazi zake. Omba karatasi ya pointi yenye muhuri, na uulize tarehe itakayotoka. Kama itatoka baada yako, mwachie mtu ruhusa ya kuichukua. Toa habari kwa mwenye nyumba kwa muda ulioandikwa kwenye kontra ya nyumba, ili garanti yako irudi. Waarifu komine kwamba unaondoka.

Na kuna ile sauti inayokuja katika juma la mwisho: "Unarudi kufanya nini? Baki." Hatuko hapa kumhukumu mtu, kila mmoja wetu anajua hali ya inchi. Tunasema tu kile tulichokiona. Anayebaki na viza iliyokwisha anapoteza semestri aliyoisoma, anapoteza mwaka wa hapa, na mara nyingi anamfungia mlango mdogo wake anayefuata, kwa sababu chuo kilichopokea wawili na kikarudishiwa mmoja kinafikiri mara mbili. Anayetaka kurudi kule kwa masta, njia yake bora ni ile karatasi ya pointi pamoja na sifa kwamba aliahidi na akarudi.

Ukifika hapa, usipumzike mwezi. Juma la kwanza peleka kontra na pointi kwenye fakilte yako, omba waandike kwamba wamepokea. Kisha pita kwenye chama ueleze: kodi ilikuwa ngapi, ofisi gani inajibu, somo gani ni gumu. Habari hizo ndizo zinazomsaidia anayefuata, na hazinunuliwi.

Tunamaliza kwa maombi mawili. Kwa wanachama mliorudi: kila mwanafunzi anayeondoka apate mkubwa mmoja wa safari, mtu wa kumwandikia saa ya shida. Haigharimu kitu isipokuwa saa moja kwa juma. Kwa wafadhili: mkituuliza makuta yenu yamezaa nini, msikubali tuwaonyeshe picha za uwanja wa ndege. Tuulizeni ni wangapi waliohesabiwa krediti zao 30.

Na ninyi wadogo wetu, dosie tunazipitia kila Jumamosi asubuhi. Mkija, leteni kontra ya masomo kwanza. Viza tutaizungumzia nyuma yake.